Waya inapita juu ya vichwa vyetu: barabara, masomo na makuta ya maendeleo

Maneno yaliyosemwa Butembo, mwezi wa kumi 2024, mbele ya wanafunzi, walimu, wamama wa soko, motari na wachuuzi



Tunajua kwamba saa mbili za kukaa hapa ni saa mbili bila kuuza, na jioni watoto wataomba chakula. Kwa hiyo hatukuja na maneno makubwa. Tulikuja na ulizo moja, na si sisi tuliolitunga. Majuma matatu yaliyopita, tulipokuwa tunapita sokoni kuongea na watu, mama mmoja muuza ndizi alitusimamisha akasema: « Banasema kila siku inchi yetu iko tajiri. Basi ile utajiri inapitaka wapi, sisi hatuione? »

Tulikosa jibu la haraka. Mmoja wetu akasema: « Wanaiba, mama. » Mama akacheka: « Ile ninajua. Mimi nimeuliza inapita wapi. »

Tulirudi tukakaa. Tulisoma sheria, tukauliza madereva, walimu na wafanyabiashara. Haya tunayosema leo ni jibu letu kwake. Kama yuko ndani ya chumba hiki, atatusahihisha.

Mafiga matatu

Sufuria inakaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa moja, chakula kinamwagika, hata kama kuni ni nyingi. Inchi maskini inayotaka kutoka katika umaskini iko vile vile. Figa la kwanza ni barabara na umeme. La pili ni masomo. La tatu ni makuta ya kufanyia kazi: akiba, mkopo, na bajeti ya Serkali.

Wakubwa wetu wanapenda kuleta figa moja moja. Wanakuja, wanakata utepe, televisheni inapiga picha, wanaenda. Mwaka unaofuata mwingine analeta figa lingine mahali pengine. Sufuria yetu inabaki chini. Tunataka tuonyeshe leo kwamba haya matatu ni jambo moja, na kwamba mahali yanapokatika panajulikana, pana jina na pana sheria.

Gunia moja la viazi

Tuanze na gunia la viazi kutoka kijiji kimoja cha Lubero. Mkulima amelima vizuri, mvua imenyesha. Kutoka shambani mpaka njia kubwa, gunia linabebwa mgongoni, na mgongo huo kwa kawaida ni wa mama. Njiani analipa mwenye pikipiki. Kwenye bariere ya kwanza analipa, kwenye ya pili analipa tena. Kisha Fuso inapakia, inafika kwenye matope, inalala hapo siku mbili au tatu. Maharagwe yanaweza kungoja. Kabichi haingoji, nyanya haingoji. Dereva anapofika mjini, nusu ya mzigo ni ya kutupa, na nusu inayobaki inapashwa kulipa gharama za ile iliyotupwa.

Matokeo yake munayaona wenyewe. Sisi tunaokula hapa mjini tunanunua ghali. Yule aliyelima anapata kidogo. Tunamlaumu mchuuzi, mchuuzi anamlaumu dereva, dereva anamlaumu polisi wa bariere. Lakini sehemu kubwa ya ile bei haikuingia mfukoni mwa mtu yeyote. Iliingia ndani ya matope. Hii ndiyo maana ya barabara mbovu: ni kodi ambayo kila mtu analipa na hakuna anayeipokea.

Tuwe wazi: hatusemi kwamba hakuna kinachofanyika. Mwaka 2021 Serkali yetu na Serkali ya Uganda zilianza kazi ya pamoja juu ya barabara za kilometa 223 katika jimbo letu: Kasindi–Beni kilometa 80, Beni–Butembo kilometa 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma kilometa 89. Hatupingi barabara. Mtu anayepinga barabara hajawahi kumbeba mgonjwa kwa pikipiki usiku. Lakini barabara inayojengwa kwa mkataba ni kama nyumba inayojengwa kwa deni: mwenye nyumba anapashwa kujua bei, nani analipa, na atalipa mpaka mwaka gani. Kilometa moja ni dola ngapi? Peaje itakaa miaka mingapi? Lami ikipasuka baada ya mvua mbili, nani anairudilia, kwa makuta ya nani? Maulizo haya si ya adui wa inchi. Ni ya mwenye nyumba.

Na tena kuna hili. Tangu mwaka 2008 inchi yetu ina sheria iliyounda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Mfuko huu unalishwa na peaje, na pia na sehemu ya bei ya esansi na mazutu. Sikilizeni vizuri, motari wetu: asubuhi hii, ulipojaza esansi, ulilipa barabara. Mwenye jenereta analipa barabara. Hata mama wa ndizi, ambaye hana pikipiki, analipa, kwa sababu ile esansi iko ndani ya bei ya ndizi zake. Basi watu hawatuambie kwamba barabara ni zawadi. Tumeisha kuinunua. Tunaomba kuletewa tulichonunua.

Waya ya Inga

Sasa umeme. Hapa tutawapeleka mbali kidogo, mpaka Kongo ya chini, kwa sababu kuna hadithi ya kweli inayojibu ulizo la mama kuliko nyingine zote.

Kwenye maporomoko ya Inga, Serkali ilijenga bwawa la kwanza, lililoanza kazi mwaka 1972, likiwa na megawati 351. La pili likafuata mwaka 1982, megawati 1.424. Kisha wakavuta waya mkubwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700, moja kati ya waya ndefu kuliko zote duniani wakati ule. Ulijengwa kwa mikopo ya inje. Kazi yake ilikuwa kupeleka nguvu kwenye migodi ya shaba.

Waya ule unapita juu ya majimbo ya katikati ya inchi, Kasaï nayo, juu ya vijiji na mashamba. Chini yake watu wanawasha kibatari. Si kwamba mtu alisahau. Ni namna waya ulivyotengenezwa: umeme wake ni wa mkondo mmoja, wenye nguvu kubwa sana, na hauwezi kushushwa njiani bila kituo cha ghali cha kuugeuza. Walijenga kituo kimoja Inga, kingine Kolwezi. Katikati, hapana. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa chini ya waya ule anaukuta unalia juu ya kichwa chake, anakua, anaoa, anazeeka, na haujamwashia hata balbu moja.

Mpaka leo, katika inchi yetu, mtu mmoja tu kati ya watano hivi ana umeme, na inchi hii ina mahali, pale Inga, panapoweza kutoa zaidi ya megawati 40.000. Sisi hapa Butembo tulikaa miaka mingi na jenereta, mpaka kampuni za watu binafsi zilipoleta umeme wa mito yetu. Munakumbuka tofauti ilivyokuwa kwa fundi wa kuchomelea vyuma, kwa mwenye saluni, kwa mama mwenye friji ya samaki. Hao hawakuomba msaada. Waliomba umeme, wakafanya mengine wenyewe.

Mama, ulituuliza utajiri unapita wapi. Unapita juu, kama ule waya. Mkopo ulikuwa wetu, mto ni wetu, shaba ni yetu, na deni lilibaki kwetu. Mwezi wa saba 2010, inchi ilisamehewa deni la dola zaidi ya bilioni 12, nyingi zikiwa za wakati wa Mobutu. Kabla ya kusamehewa, deni hilo lilikaa kwenye shingo ya inchi wakati ambapo vijana wengi walio hapa walikuwa bado hawajazaliwa.

Masomo: mwalimu anakula nini?

Figa la pili. Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Wakongomani waliokuwa wamemaliza yuniversite hawakufika hata 30, katika inchi ya watu karibu milioni 15. Wabelgiji walikuwa wamejenga reli, mabandari, migodi na mabarabara. Walifundisha watu wengi kusoma na kuandika, lakini karibu hakuna waliyemfundisha kuwa injinia, daktari au mtaalamu wa hesabu za Serkali. Walipoondoka, funguo za mashine ziliondoka nao. Hilo ni funzo kwa wale wanaofikiri kwamba beton inatosha. Barabara bila watu waliosoma inakufa. Inangoja tu mvua.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika mashule ya Serkali. Tulingoja miaka 13 kabla ya neno hilo kuanza kutembea. Mwezi wa tisa 2019, bure ilianza. Tuseme ukweli hata kama hatupendi kuwasifu wakubwa: lilikuwa jambo jema. Watoto waliokuwa wanauza karanga barabarani waliingia darasani kwa mamilioni. Kuna wasichana katika mji huu ambao leo wanajua kusoma juu ya uamuzi ule.

Lakini ni mwalimu yupi aliyewapokea? Kabla ya 2019, mzazi alikuwa analipa prime, na prime ile ndiyo iliyomlisha mwalimu. Serkali ilisema prime iishe, ikaahidi mshahara. Kwa wengine mshahara ulifika. Kwa wengine haujafika mpaka leo: wale wanaoitwa NU, vitengo vipya, walimu wenye daraka, wenye darasa, wenye chaki mkononi, na bila jina kwenye orodha ya malipo. Munawajua. Wako wengine hapa ndani. Asubuhi wanafundisha kugawanya, na jioni hawana cha kugawanya nyumbani. Darasa lililokuwa na watoto 40 sasa lina 80 au zaidi, watatu watatu kwenye benchi moja, na wengine chini.

Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia masomo haya ya bure. Hilo si jambo dogo. Lakini mwalimu hali milioni 800. Anakula kile kinachofika mkononi mwake mwisho wa mwezi. Na kati ya milioni 800 na mkono wake kuna orodha, ofisi, saini, na tena kuna majina ya mashule yasiyokuwa na kuta na ya walimu wasiokuwa na miguu. Ndiyo maana kila mwezi wa tisa tunaanza na mgomo, na mwaka 2024 pia. Mzazi anakasirikia mwalimu, mwalimu anamwangalia mzazi, na wote wawili wako upande mmoja bila kujua.

Na bure ya sasa ni ya msingi tu. Mtoto akimaliza la sita, minervali inarudi, na pale ndipo baba anapochagua: kijana aendelee, dada yake abaki nyumbani. Kila mwaka tunapoteza nusu ya akili yetu pale kwenye mlango wa sekondari.

Makuta: AVEC na Banki Lambert

Figa la tatu linaongewa kidogo, kwa sababu watu wanafikiri mambo ya benki ni ya wenye kuvaa kravati. Hapana. Wamama wa mji huu wanajua fedha kuliko sisi wote.

Kuna AVEC ngapi ndani ya chumba hiki? Inueni mikono. Munaona! Namna hii ya kuweka akiba ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa kijijini, ikatembea Afrika nzima mpaka ikafika kwetu na kukutana na likilimba tuliyokuwa nayo tangu zamani. Sanduku moja, kufuli tatu, wenye funguo watatu tofauti. Kila juma watu wanahesabu mbele ya wote. Mwenye kukopa anasema kwa sauti anakopa juu ya nini. Mwisho wa mwaka wanagawana.

Tazameni, kufuli tatu na hesabu mbele ya wote! Kama Serkali ingetunza makuta yetu kwa akili ya AVEC moja ya wamama, tungekuwa mbali.

Lakini tufanye hesabu. Wamama 25, kila mmoja anaweka franka 2.000 kwa juma. Ni franka 50.000 kwa juma, milioni mbili na elfu 600 kwa mwaka. Mwaka 2024 zilikuwa karibu dola 900 za Marekani. Inatosha kuongeza mtaji wa ndizi, sabuni, mafuta. Haitoshi kununua lori, wala kujenga ghala la viazi, wala kuanzisha kinu cha unga. Juu ya AVEC kunapashwa kuwa ngazi nyingine, na ngazi ile ndiyo inayokosa. Ukipanda unakuta hewa.

Benki? Benki inaomba parsele yenye hati. Wengi wetu tunaishi kwenye parsele zenye karatasi ya shefu wa kartie tu. Mwezi wa nane 2023, Banki Kuu ya Kongo iliweka riba yake kwenye asilimia 25 ili kuzuia franka isianguke. Kama riba ya Banki Kuu yenyewe ilikuwa hiyo, mukopaji mdogo wa franka aliombwa ngapi? Ndiyo maana benki zinafanya kazi kwa dola, na wakubwa wa biashara. Anayebaki anamwendea yule tunayemwita Banki Lambert: anakupa 100 leo, mwisho wa mwezi anataka 130 au zaidi, na dhamana ni simu yako au kitanda chako.

Na kwa wamama kulikuwa na ukuta mwingine. Mpaka mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana yake ili kujifunga kwa mkataba. Sheria ya jamaa ilibadilishwa mwaka ule. Ruhusa ile imeisha. Wengi hawajui, na kuna maofisi ambayo bado yanauliza « bwana yako iko wapi? » Mama, ukiulizwa, jibu kwamba sheria imebadilika tangu 2016.

Kuna inchi zilizojaribu kutafuta makuta nyumbani. Kenya, mwaka 2017, iliuza dhamana za Serkali kwa simu: mtu wa kawaida aliweza kuikopesha Serkali yake kuanzia shilingi 3.000 na kupata faida. Ethiopia ilipokosa wakopeshaji wa inje kwa bwawa lake kubwa la mto Nile, ilianza mwaka 2011 kukusanya kwa raia na wafanyakazi wa Serkali. Bwawa lile leo linatoa umeme. Hatusemi tuige bila kufikiri. Kenya watu walinunua kidogo kuliko ilivyotazamiwa, na Ethiopia si kila mfanyakazi aliyetoa mshahara wake kwa kupenda. Funzo tunalochukua ni hili: raia anaweza kuikopesha Serkali yake, lakini kwanza anapashwa kuiamini, na kuiamini kunaanzia kwenye hesabu.

Sanduku kubwa lisilo na kufuli

Sasa tufungue sanduku la Serkali.

Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na yanabakizwa pale pale yanapokusanywa. Sio kutumwa Kinshasa kisha kurudishwa. Yanabakizwa. Hapa kwetu kuna Kasindi, mlango mkubwa wa bidhaa zinazotoka Mombasa. Munajua malori yanayopita pale. Tangu 2006, kifungu hiki hakijatekelezwa sawasawa hata siku moja. Makuta yanapanda Kinshasa, na kinachorudi kinarudi kwa kupenda kwa wakubwa. Kifungu cha 181 kinaunda mfuko wa kusawazisha majimbo, asilimia 10 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya ujenzi katika majimbo yaliyo nyuma. Umesikia mfuko huo ukijenga nini hapa?

Kanuni ya migodi ya mwaka 2018 inagawanya ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa Serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa miji, sekta na shefferi ambako madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Ni mgawanyo mzuri kwenye karatasi. Lakini je, raia wa sekta ile anajua mwaka huu walipokea ngapi? Ile 10 ya vizazi vinavyokuja, sisi si ndio vizazi? Tunaomba tuonyeshwe sanduku.

Na kuna mkataba wa Wachina, ule wa Sicomines wa mwaka 2008: shaba na kobalti upande mmoja, mabarabara na mahospitali upande mwingine. Katika mwezi wa pili 2023, ukaguzi mkuu wa fedha wa Serkali yetu wenyewe ulisema kwamba kati ya dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa ujenzi, zilikuwa zimetoka milioni 822 tu, karibu miaka 15 baadaye. Mwaka 2024 mkataba ulizungumzwa upya, sasa wanasema bilioni 7 mpaka mwaka 2040. Malipo yamefungwa na bei ya shaba: bei ikianguka, barabara inangoja. Kwa hiyo barabara ya mtoto wa Lubero inategemea bei inayopangwa London. Tunapashwa kujua hilo kabla ya kupiga makofi.

Tusisahau tena: jimbo letu liko chini ya hali ya dharura tangu mwezi wa tano 2021. Gavana ni jenerali, baraza la jimbo limesimamishwa. Maana yake ni kwamba hakuna mtu tuliyemchagua sisi anayekaa hapa jimboni na kuuliza bajeti ya jimbo imeenda wapi. Kufuli tatu za sanduku, zote ziko kwenye mfuko wa mtu mmoja.

« Vita kwanza »

Tunajua jibu watakalotupa, na wengine hapa wanalifikiri: « Vijana, wacheni kwanza vita iishe. » Hatuchezi na vita. Tangu mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga imeanguka, njia ya Goma imekatika, ndugu zetu waliokimbia wako kwenye nyumba zetu na kwenye madarasa yetu. Tumezika. Hatutaki mtu atufundishe uzito wa vita.

Lakini tujiulize. Mbuji-Mayi hakuna M23. Umeme uko wapi? Kikwit hakuna ADF. Mwalimu NU analipwa? Vita inaeleza mengi, haielezi yote. Na kuna mahali ambapo vita inalishwa na huu ubovu wenyewe: barabara isiyopitika ni maficho, bariere ni mshahara wa mwenye bunduki, na kijana aliyekosa minervali anahesabiwa na wengine kabla hatujamhesabu sisi. Tukingoja amani ili tujenge, na amani nayo inangoja tujenge, tutangojana mpaka lini?

Tunaomba nini, tunaahidi nini

Hatukuja kulia. Kwa wenye madaraka tunaomba mambo manne, na yote yanawezekana bila dola moja kutoka inje.

Kwanza, kila mahali pa peaje pawekwe ubao mkubwa: mwezi huu tumekusanya franka ngapi, zimetumwa wapi, zimetengeneza kilometa gani.

Pili, kila shule ya Serkali ibandike kwenye mlango orodha ya hesabu: walimu wangapi, wangapi wanalipwa, NU wangapi, watoto wangapi. Bila majina, hesabu tu. Shule ya hewa haiwezi kubandika karatasi kwenye mlango, kwa sababu haina mlango.

Tatu, jimbo litangaze kila miezi mitatu lilichopokea kutoka Kinshasa juu ya ile asilimia 40. Na kwa kuwa baraza limesimamishwa, meya aitishe kikao cha wazi cha bajeti, raia waulize.

Ine, ofisi ya mashamba na vyeo vya ardhi irahisishe bei na njia ya kupata hati ya parsele, ili mama wa AVEC aweze kupanda ngazi ya pili.

Na sisi tunaahidi nini? Kifungu cha 24 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari, cha 27 haki ya kupeleka maombi kwa wenye madaraka. Tutavitumia. Kuanzia juma lijalo, katika kila kartie, tunaomba watu watatu: mzazi mmoja, mwalimu mmoja, kijana mmoja. Kufuli tatu. Watahesabu madarasa, watapiga picha za mashimo ya barabara na kuandika tarehe, watakusanya risiti za kodi ya soko. Sisi tutaziunganisha, tutapeleka kwa meya kwa mikono, mchana, bila jiwe, bila tairi ya kuchoma. Tukikosa jibu, tutarudi na watu wengi zaidi. Tukikosa tena, tutakaa mbele ya mlango. Munatujua: tunakamatwa, tunatoka, tunarudi.

Na tutajianzia sisi wenyewe. Pesa ya harakati hii, hata ile ya kununua karatasi na maji ya leo, imeandikwa kwenye daftari lililo pale mezani. Mtu yeyote alifungue. Tukimwomba gavana hesabu wakati yetu imefichwa, tutakuwa watoto wake, si raia wake.

Mama wa ndizi, kama unatusikia: utajiri unapita juu, kwenye waya, kwenye lori, kwenye karatasi zenye saini. Hautashuka wenyewe. Unahitaji kituo cha kuuteremsha, na kituo kile hakijengwi Kinshasa. Kinajengwa pale ambapo watu watatu wanasimama na daftari wanauliza: ngapi iliingia, ngapi ilitoka, iko wapi?

Daftari la kartie liko kwa dada aliye karibu na mlango. Musitoke bila kuandika jina la kartie yenu.